Mkataba wa kufundisha Ujerumani unaisha: nirudi Dar kuomba viza ya kutafuta kazi?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni Mtanzania, nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Ujerumani kwa mkataba wa miaka mitatu. Nina shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkataba unaisha tarehe 30 Septemba, na kadi yangu ya ukaazi inaisha siku hiyohiyo. Mwenzangu ananishauri nirudi nyumbani nikaombe viza ya kutafuta kazi ubalozini. Je, ni lazima? Na nikichukua mafao ya kukosa kazi, nitakuwa nimejiharibia kibali?

JIBU: Mwalimu, usikate tiketi kwanza. Viza anayoisema mwenzako, ile ya zamani ya miezi sita, haipo tena. Tangu tarehe 1 Juni 2024 nafasi yake imechukuliwa na Chancenkarte, yaani "kadi ya fursa", kibali cha kukaa Ujerumani ukitafuta kazi, na mtu ambaye tayari ana kibali cha kazi au cha masomo anaweza kuiomba akiwa humuhumu Ujerumani. Ukiondoka, unaiacha haki uliyonayo mkononi na kwenda kupanga foleni pamoja na wasiokuwa nayo.

Sasa toa kadi yako uisome. Kwenye sehemu ya maelezo, iliyoandikwa Anmerkungen, kuna namba ya kifungu cha Sheria ya Ukaazi, na namba hiyo ndiyo itakayoamua njia yako. Ikiwa ni 18d, uliingia kama mtafiti, na utafiti ukikamilika kifungu cha 20 kinakupa hadi miezi tisa ya kutafuta kazi. Ikiwa ni 18g, una Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha wataalamu wenye elimu ya juu, na ofisi ya wageni, ile inayotoa vibali vya ukaazi, haiwezi kukunyang'anya kwa sababu tu umekosa kazi kwa muda usiofika miezi mitatu; aliyeishika kwa miaka miwili au zaidi ana miezi sita. Lakini kinga hiyo haiongezi tarehe iliyochapwa kwenye kadi.

Wapo walimu wa lugha wenye 18b, kibali cha wenye shahada. Nadhani na wewe umo humo, na kwa hiyo Chancenkarte ndiyo njia yako. Inatolewa kwa hadi mwaka mmoja. Angalia katika hifadhidata ya anabin kama chuo chako na shahada yako vinatambuliwa kuwa sawa na vya Ujerumani. Vikiwa sawa, unahesabiwa mtaalamu kamili na huulizwi pointi hata moja. Vikikwama, unatakiwa ufikishe pointi 6. Kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili kati ya mitano iliyopita ni pointi 2, Kijerumani cha B1 pointi 2, kuwahi kukaa Ujerumani kihalali kwa miezi sita mfululizo pointi 1, umri wa kati ya miaka 35 na 40 pointi 1. Hapo tayari umefika.

Kikwazo kikubwa huwa ni fedha. Kwa mwaka 2025 ulitakiwa uonyeshe euro 1,091 kwa mwezi, aghalabu kwenye akaunti maalumu ambayo unaruhusiwa kutoa kiasi hicho tu kila mwezi. Kiwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kuhamisha fedha. Kazi ya muda nayo inaweza kusaidia, maana kadi inaruhusu wastani wa saa 20 za kuajiriwa kwa wiki, pamoja na kazi za majaribio za hadi wiki mbili kila moja. Hapo kuna jambo linalowaponza walimu. Madarasa ya jioni ya kulipwa kwa kipindi, bila mkataba wa ajira, mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kujiajiri, na hayamo ndani ya zile saa 20. Omba ruhusa yake kwa maandishi kabla hujaingia darasani.

Usisubiri Septemba. Ombi likifika ofisi ya wageni kabla kadi haijaisha, kibali chako cha zamani kinahesabiwa kuwa kinaendelea mpaka watakapoamua. Hilo ndilo neno ninalolisisitiza kuliko yote mengine humu. Miadi inachelewa, najua, na mji mmoja haufanani na mwingine. Lakini kinachokulinda ni tarehe ya kupeleka ombi. Lipeleke kwa njia inayoacha ushahidi: fomu ya mtandaoni yenye stakabadhi, au barua ya rejista. Kisha dai Fiktionsbescheinigung, ile hati ya muda. Ukipewa, usiondoke dirishani kabla hujaangalia visanduku vyake. Kinachopaswa kuwekewa alama ni kile cha kifungu cha 81 aya ya 4, kinachosema kibali kinaendelea. Kwa hicho unaweza kusafiri na kurudi. Wakiweka alama kwenye aya ya 3, huwezi kuitumia kurudi Ujerumani, na wapo waliokwama uwanja wa ndege wakiwa na hati waliyoiamini.

Kuhusu mafao: chukua, ni haki yako. Fedha ya bima ya ajira umeichangia mwenyewe kila mwezi kwenye mshahara, na sheria haiihesabu kuwa msaada wa umma. Kwa miaka mitatu ya michango mfululizo, na umri ulio chini ya miaka 50, muda wake ni miezi 12, kwa asilimia 60 ya mshahara halisi, au 67 ukiwa na mtoto. Kinachoweza kukudhuru ni ile ruzuku ya kujikimu inayotoka kwenye kodi. Jiandikishe kwenye ofisi ya ajira kuwa mtafuta kazi miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni. Ukichelewa unakatwa wiki moja. Muda huo ukiwa umeshapita, nenda wiki hii.

Jambo la mwisho hukuliuliza, ila siwezi kulinyamazia. Je, una hakika mkataba wako unaisha kihalali? Vyuo huwapa walimu wa lugha mikataba ya muda kwa kutumia sheria ya ajira za wanasayansi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kazi iliamua kwamba mwalimu ambaye kazi yake hasa ni kufundisha lugha ya kigeni, bila utafiti wake mwenyewe, si mwanasayansi kwa maana ya sheria hiyo. Nje ya hapo, mkataba wa muda usiokuwa na sababu ya msingi una kikomo cha miaka miwili, na wako ni wa mitatu. Kesi hufunguliwa katika mahakama ya kazi ndani ya wiki tatu tangu tarehe ya mkataba kuisha, yaani mwisho wako ni tarehe 21 Oktoba. Katika ngazi hiyo ya kwanza ya mahakama si lazima uwe na wakili, na kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, GEW au ver.di, chama kinaweza kukusimamia. Kufungua kesi hakukupi kibali, kwa hiyo ombi la Chancenkarte liende palepale. Kusanya mkataba, maelezo ya kazi na ratiba za vipindi vya mihula yote sita sasa, kabla chuo hakijakufungia barua pepe.