Kwanza tuulizane mtoto ataruhusiwa kusema nini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, maktaba za mikoa zianzishe mijadala ya vitabu kwa familia? Mkatoa mfano wa Louisiana, Marekani, ambako mpango uitwao Prime Time ulianza mwaka 1991: hadithi inasomwa kwa sauti, kisha wazazi na watoto wanaijadili pamoja. Mimi niko Mtwara, na jibu langu la haraka lilikuwa hapana. Maktaba kwetu ni mahali pa kimya. Wengi ninaowakuta mle ni wanafunzi wenye madaftari yao, wamefuata meza na utulivu. Halafu ya nyumbani hayasemwi mbele ya watu baki.

Ila kinachonigusa hasa si maktaba. Mtoto wa huku ukimuuliza, baba yake akiwa pale pale, kama mtu mzima wa kwenye hadithi amekosea, atajibu nini? Atamtazama baba kwanza.

Nililelewa Newala. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma Mtwara mjini, alirudi likizo ya Desemba na kitabu chenye mhuri wa maktaba: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Kwa kuwa kilitakiwa kurudishwa, Mama alitusomea kila usiku kwenye taa ya chemli, sisi tukibangua korosho za kuchoma, mikono myeusi kwa mafuta yake. Mjomba naye alikuwapo. Msimu ule yeye na Mama walikuwa hawaelewani juu ya mikorosho ya marehemu babu: Mjomba ndiye aliyekuwa akipalilia na kupeleka mzigo ghalani, na pesa zikiishia mfukoni mwake.

Anayekijua kitabu anajua nini kilifuata. Mali ya baba inagawanywa kwa ndugu watatu. Hasidi na Mwivu wanatapanya fungu lao, Adili anawagawia tena kutoka lake. Mama aliposoma hapo alipunguza mwendo, akamtupia jicho kaka yake. Mjomba akaitikia kwa nguvu, "Ndivyo ilivyo! Nimetoa mara ngapi mimi?" Kumbe kila mmoja alikuwa anajiona ni Adili! Wakaanza kubishana juu ya Hasidi na Mwivu kwa sauti ambayo haikuwa ya hadithi hata kidogo, na hakuna aliyeitaja mikorosho. Mdogo wangu akadakia: mbona Adili anawachapa ndugu zake kila usiku, na Mama kasema ndugu hapigwi? Kaka akamjibu kwamba wamegeuzwa manyani na jini Huria, na ndiye aliyeamrisha wachapwe. Bibi, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, akasema yeye angeanza kumchapa huyo Adili: mtu katapanya mali, unampa nyingine bila kumpa jembe? Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Korosho zilizokuwa motoni zikaungua zote.

Mikorosho haikugawanywa usiku ule, wala msimu uliofuata. Ila Mjomba alirudi kesho yake kusikiliza, akaja na sukari.

Nilitaka kisa hiki kiwe ushahidi kwamba mambo haya yana mahali pake, napo ni kibarazani kwa watu. Sasa naona kinanigeuka. Kitabu chenyewe kilitoka maktaba. Na watoto wa jirani walikuwa wakija kukaa nasi kwa kuwa kwao hakukuwa na mtu wa kuwasomea. Wao wangekwenda wapi?

Basi anzisheni, lakini kwa masharti yangu. Isiwe Oktoba hadi Desemba, maana wakati huo mtu yuko shambani anaokota korosho au anasubiri bei ya mnada. Wasiojua kusoma wakaribishwe wa kwanza, wakina Bibi hasa. Mtoto aulizwe kabla ya baba yake, ingawa hapo sijui mtampata wapi baba wa kuvumilia. Mimi mwenyewe kwa wanangu sijaahidi. Kikao kifanyike uani, wale wa mitihani waachiwe kimya chao. Na posho ya kikao msithubutu. Nawajua watu wangu: itakuja familia ya watu kumi na wawili wasio na undugu wowote.