Hiyo ndege si ya kutekwa

Ndugu, picha ya marehemu babu yako yenye maandishi "Nairobi 1940" haionyeshi ndege ya Hitler iliyotekwa, kama unavyodhani. Injini mbili na mapezi mawili wima mkiani: nikiitazama, hiyo ni Junkers Ju 86. Imeundwa Ujerumani kweli, lakini Afrika Kusini ilizinunua kabla ya vita zibebe abiria. Vita vilipoanza zikageuzwa za kudondosha mabomu, na mwaka 1940 zikaletwa Kenya kupigana na Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Kichekesho cha vita hicho, ndege ya Mjerumani kumpiga rafiki yake Mwitaliano!

Sasa hiyo picha usiipige kwa kamera ya simu chini ya taa, itang'aa. Iskani kwa dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi), mbele na nyuma, maana huko nyuma ndiko kwenye mhuri na majina. Tafadhali usiandike juu yake kwa kalamu. Kisha pitia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, uilinganishe na zao. Pia Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya London, ina picha nyingi mtandaoni.

Herufi za ubavuni mwa ndege zinasomeka? Zitume kwanza.