Kava jipya la rimoti: milango inafunguka, gari haliwaki

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, umehamishia rimoti kwenye kava jipya, milango inaitika vizuri ingawa vitufe vimekuwa vigumu, ila gari linapiga stata bila kuwaka. Usikimbilie kulipa mtu wa kuprogramu funguo. Lifungue kwanza lile kava lililochakaa, natumaini hujalitupa.

Chungulia karibu na shina la ufunguo. Kwenye funguo nyingi kuna kidude kimejificha humo, cheusi au cha kioo, kidogo kama punje ya mchele. Hicho ndicho chipu ya imobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia wizi unaokataa gari kuwaka mpaka liitambue chipu hiyo. Hakina waya wala hakitumii betri, na mara nyingi hakijashikana na saketi ya rimoti, kwa hiyo ni rahisi kukiacha nyuma. Kikiwa kimegandishwa kwa gundi, kwangua plastiki pembeni yake kwa wembe, taratibu. Usikibane kwa koleo, hasa cha kioo, kitapasuka, na hapo ndipo gharama ya kweli inapoanza. Kipachike kwenye kishimo chake ndani ya kava jipya, gundi tone moja tu.

Vitufe kuwa vigumu si tatizo kubwa. Angalia kama saketi imelala sawasawa kabla ya kukaza skrubu.