Jibu: Omega wangu anapona haraka mno

Habari ndugu. Umesema riwaya yako ya omegaverse (hadithi za kubuni ambamo watu hugawanyika kuwa alfa, wenye kutawala, na omega, wenye kubeba mimba) iko Uingereza ya 1815, omega ni mjane aliyekuwa akipigwa na mumewe, na kufikia sura ya tano tayari kamzoea alfa. Kwanza angalia sheria. Enzi zile mke akiolewa, fedha na vitu vyake vilikuwa vya mume (hilo lilibadilika hasa 1882), ila mjane alijitegemea. Kuolewa tena ni kupoteza hayo, kwa hiyo woga wake una mantiki.

Mimi humpa alfa vitendo vidogo vya kurudiarudia: anabisha hodi, anaambiwa hapana, anaondoka bila kununa. Kipindi cha joto (siku ambazo mwili wa omega hujawa na ashiki) usikifanye njia ya mkato. Omega ajifungie mlango, funguo abaki nazo. Mguso wa kwanza autake yeye, hata ikiwa sura ya ishirini.