Usikariri "run" kwa maana moja, mi iliniunguzia pampu

Vijana wenzangu wa Mtwara mnaotafuta vibarua kwenye makambi, kuna kitu mi nilikilipia kwa hela yangu naomba nyie msikilipie. Nilikua naangalia pampu ya maji kwenye kambi moja huko Msimbati, bosi mgeni, siku hiyo anaondoka akaniambia "don't let it run dry". Run naijua tangu primari, kukimbia, dry ni kavu, sa pampu inakimbiaje? Nikaitikia yes sir nikaendelea na kazi zingine. Kumbe anasema isizunguke bila maji. Tenki la chini likaisha, pampu ikazunguka tupu, na ile sili ya kwenye shafti (kizibo kinachozuia maji yasivuje pale chuma kinapozunguka) inapozwa na hayo hayo maji, yakikosekana inaungua. Narudi nakuta harufu ya mpira ulioungua, tulipojaza tena tenki maji yakawa yanachuruzika pembeni ya shafti. Mshahara ukakatwa.

Baadae ndo nikaja kusoma kwamba wahariri wa ile kamusi kubwa ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, walipoipitia upya run, kwenye 2011 hivi, walihesabu maana 645, tena ikiwa kitenzi tu! Usiogope lakini, maana hata sisi tunalo neno la hivyo. Piga. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga chafya, na hakuna aliyeumizwa hapo. Mgeni aliyekariri piga ni kuchapa fimbo atakuelewaje ukimwambia kapige deki? We hukufundishwa piga ina maana ngapi, ulilisikia likiwa na mwenzake ukalimeza hivyo hivyo.

Basi na run limeze hivyo. Chukua daftari, usiandike "run = kukimbia", andika mafungu mazima na mambo ya hapa hapa kwetu. We've run out of sulphur, tumeishiwa salfa, hii kila mwenye mikorosho inamhusu. She runs a shop, anaendesha duka. My nose is running, kamasi zinanitoka. He's running for ubunge, anagombea. The engine is running, injini inawaka. Na ukiambiwa kitu kazini hujaelewa uliza palepale, mwambie "you mean what?", hata kama Kiingereza chenyewe hakijanyooka, hakuna bosi atakayekukata mshahara kwa kuuliza.

Mpwa wangu yuko fomu tuu nimemuanzishia hilo daftari, run imejaza kurasa mbili, juzi kahamia kwenye get.