Damu kwenye kope: je, ni amiloidosi?

Swali: Daktari, shangazi yangu ana umri wa miaka 61. Kila akikohoa sana hutokwa na madoa ya damu kwenye kope, hata majirani hapa Kadutu wakadhani amepigwa. Ulimi wake pia umenenepa. Mimi mwenyewe nina vipele vigumu vinavyowasha kwenye miundi, na kipande cha ngozi kilipochunguzwa niliambiwa ni amiloidosi. Je, tuna ugonjwa mmoja? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Ndugu msomaji, nikichukua uliyoyaeleza, hapana, na wa kushughulikiwa haraka ni shangazi.

Amiloidosi ni kurundikana mwilini kwa protini iliyojikunja vibaya. Katika aina iitwayo AL, protini hiyo hutokana na seli za plazma (seli zinazotengeneza kingamwili) zilizo kwenye uboho, nayo ikiingia katika kuta za mishipa midogo ya damu huidhoofisha hadi kikohozi, kutapika au kufikicha macho tu kukatosha kuipasua. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo huwa ya zambarau au meusi kuliko ngozi ya kando, na ukiyabonyeza kwa kidole hayafifii. Yakifuatana na ulimi mnene wenye alama za meno pembeni, mimi nisingengoja dalili nyingine.

Hata hivyo, upungufu wa chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) na saratani ya damu navyo huleta madoa ya namna hiyo, kwa hiyo kwanza ahesabiwe chembe za damu na kupimwa kuganda kwake. Mkojo upimwe protini, na moyo upimwe mapema, kwa kuwa huo ndio unaoamua hatima ya wagonjwa wengi wa AL. Baadaye hutafutwa protini ya seli za plazma katika damu na mkojo, kisha mafuta kidogo ya tumboni huchukuliwa na kutiwa rangi ya maabara iitwayo nyekundu ya Kongo, ambayo chini ya darubini ya mwanga uliochujwa huonyesha amiloidi kwa kijani cha tofaa. Kwa sasa asichanjwe chale, wala asimeze aspirini bila idhini ya daktari.

Vipele vyako vinafanana na amiloidosi ya ngozi pekee, ambayo haishuki moyoni wala kwenye figo. Huchochewa na kujikuna na kujisugua kwa neti ngumu ya kuogea. Acha vyote viwili, umwombe daktari krimu ya steroidi ya kutuliza muwasho, na usijaribu kufuta weusi wa vipele hivyo kwa krimu za kung'arisha zinazouzwa sokoni.