Mgonjwa aliyeumia kichwa na karatasi zake: kwa mnaoanza kazi Tabora

Mdogo wangu uliyeripoti juzi na barua ya ajira mkononi, karibu Tabora. Utafundishwa mengi kuhusu malaria na uzazi, na ni sawa, ndizo kazi za kila siku. Mimi nakuandikia kuhusu mgonjwa mmoja tu, aliyeumia kichwa, kwa sababu huyo anaingia hospitalini kama mgonjwa na kutoka akiwa na kesi. Nimekuwa afisa tabibu kwenye vituo vya mkoa huu muda wa kutosha kuona kwamba wengi wanaokosa haki yao hawaikosi mbele ya hakimu. Wanaikosa usiku wa kwanza, mezani kwako, kwenye mistari mitatu uliyoandika ukisinzia. Nawakumbuka pia wasaidizi wa kisheria wanaoanza kazi vijijini. Someni nanyi, hata sehemu za dawa.

Hapa vichwa vinaumia kwa njia nyingi. Bodaboda wanaongoza, hasa kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Nzega na Sikonge ambako kijana anajisahau. Msimu wa maembe watoto wanadondoka mitini. Warina asali wanaanguka na mizinga yao porini, wanaletwa siku inayofuata. Wapakiaji wanaangukiwa na mitumba ya tumbaku. Halafu kuna ugomvi wa vilabuni, rungu moja basi. Uliza vizuri ameumiaje, maana aliyeanguka mwembeni, aliyegongwa na lori na aliyepigwa rungu wanatibiwa karibu sawasawa, lakini kisheria kila mmoja ana njia yake.

Anza na pumzi na presha. Ubongo ulioumia unaharibika mara ya pili kwa kukosa oksijeni na kwa presha kushuka, na hayo mawili unaweza kupambana nayo hata kwenye kituo cha afya kisicho na CT scan. Linda shingo mpaka ujue ni nzima. Pima sukari. Kisha pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow (GCS), kile cha alama 3 hadi 15 kilichotangazwa mwaka 1974. Ukiandika "GCS 11" peke yake umemnyima kazi mwenzako wa zamu ya asubuhi. Andika alama ngapi za macho, ngapi za maneno, ngapi za viungo, mboni za kulia na kushoto zikoje ukizimulika tochi, na saa. Alama 8 kushuka chini ni mtu asiyeweza kulinda njia yake ya hewa, kwa hiyo usimwache peke yake hata dakika ya kwenda kutafuta kalamu.

Kuna bibi aliletwa kutoka upande wa Uyui, kateleza kisimani. Kwenye karatasi ya kituo alikotoka waliandika kwamba anatoa sauti zisizoeleweka. Bibi alikuwa anaongea Kinyamwezi safi kabisa, anauliza mbuzi wake wamefungiwa na nani. Mjukuu alipotutafsiria, alama tatu zikarudi palepale. Kabla hujampunguzia mtu alama za maneno, hakikisha mnaongea lugha moja.

Sasa pombe. Hili nitalirudia hata ukinichoka. Harufu ya pombe si jibu la kwa nini mtu hajitambui. Nimeona majeruhi akiwekwa pembeni alale "mpaka zimtoke", na hazikutoka. Mpime kila nusu saa. Mlevi anazidi kuamka kadiri saa zinavyokwenda. Mwenye damu inayovujia ndani ya fuvu anazidi kulala. Hata kwenye jalada, andika "ana harufu ya pombe", usiandike "amelewa", labda kama umempima. Neno hilo moja litasomwa na watu wa bima na mawakili miezi mingi baadaye, na wewe utakuwa umeshahamishiwa Kaliua.

Utakutana na mtu anayetaka kuchoma dexamethasone, dawa ya kundi la steroidi, ili kushusha uvimbe wa ubongo. Kataa kwa adabu. Utafiti wa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza vifo kwa walioumia kichwa. Dawa yenye nafasi ni tranexamic acid, ya kupunguza kuvuja damu, kwa jeraha jepesi au la kati, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Zaidi ya hapo ni rufaa mapema: hospitali ya Kitete hapa Tabora, Nkinga kwa walio upande wa Igunga, na kwa upasuaji wa ubongo Bugando ya Mwanza au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Barua ya rufaa ikienda na mgonjwa, nakala ibaki. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona ndugu wakirudi kutoka Mwanza na maiti au na mtu asiyeongea, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha alikuwaje alipotoka hapa.

Wanaorudi nyumbani ndio wanaonitia hofu zaidi. Kuna anayepoteza fahamu kidogo, anazinduka, anaomba soda, anataniana na waliomleta, halafu baada ya saa chache anaanguka kwa sababu damu ilikuwa inajikusanya polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kabla hajaondoka, zungumza na mtu atakayelala naye chumba kimoja. Huyo ndiye muuguzi wako usiku huo. Mwambie kwa maneno ya kawaida: akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiamshwa asiamke vizuri, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au maji yasiyo na rangi yakitoka puani au sikioni, mrudishe hata kama ni saa nane za usiku. Kwa wazee ongeza jambo moja. Mzee aliyejigonga mlangoni anaweza kuonekana mzima wiki kadhaa, kisha akaanza kuburuta mguu na kuchanganya majina ya wajukuu. Nyumbani watasema uzee, au watasema jirani kamroga. Damu ya zamani kichwani inatolewa kwa tundu dogo, na wengi wanarudi kuwajua wajukuu zao.

Tuje kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Majeruhi wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Ndugu mmoja aende polisi, mgonjwa abaki kitandani. Fomu ikifika, eleza unachokiona: jeraha liko wapi, urefu wake kwa sentimita, kingo zimechanika au zimekatwa, limevimba vipi. Maelezo ya nani kafanya yaandike kuwa ni maelezo ya mgonjwa au ya aliyemleta, usiyafanye yako. Hukuwepo.

Pale fomu inapokutaka useme ni madhara ya aina gani, polepole. Sheria ya Kanuni za Adhabu inatofautisha madhara ya kawaida na madhara makubwa, yale yanayoharibu afya kwa uzito au kwa kudumu, na shitaka linafuata humo. Kichwa kinadanganya kuliko kiungo kingine chochote: kwa nje kuna nundu, kwa ndani mtu amepoteza kumbukumbu. Ukiandika jepesi usiku wa kwanza, mshitakiwa atalishikilia hilo, na ni haki yake. Andika kwamba mgonjwa bado yuko chini ya uchunguzi, mpangie tarehe, kisha utoe maoni yako baada ya siku chache au baada ya picha. Afande akikuharakisha mwambie ukweli huo. Wengi wanaelewa, tena wengine wanashukuru, kwa sababu mgonjwa akifariki baadaye shitaka linabadilika na ile karatasi ya kwanza ndiyo inayoanza kusomwa.

Utaitwa mahakamani. Mshitakiwa ana haki ya kuomba daktari aliyejaza fomu aje kuulizwa maswali, na hakimu anapaswa kumweleza haki hiyo. Usiogope wito. Omba jalada, lisome jana yake, vaa vizuri, jibu unachojua. Ukiulizwa kama jeraha lile lingeweza kutokana na kuanguka, na lingeweza, sema lingeweza.

Kinachoniumiza zaidi ni suluhu za haraka. Mtu bado ana bandeji, anauliza swali moja mara nne, na tayari ndugu wa dereva wamefika na mbuzi, laki tatu na karatasi ya daftari. Wanakaa kwa mtendaji wa kijiji, karatasi inagongwa mhuri: "nimesamehe, sitadai tena." Sipingi watu kupatana, hata sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida na makosa madogo ya kati ya watu. Lakini madhara makubwa si mali ya familia mbili kuyafuta kwa mbuzi. Isitoshe, Sheria ya Mikataba inataka anayekubaliana awe na uwezo wa kuelewa jambo lenyewe na kupima faida na hasara zake wakati ule anaposaini. Aliyeumia ubongo anaweza kukusalimia vizuri, akakuuliza hali ya nyumbani, na asiweze kabisa kupima kama laki tatu zinatosha. Msaidizi wa kisheria ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, uliza kwanza: daktari amesema akili yake ikoje leo? Kama hakuna jibu lililoandikwa, kikao kiahirishwe.

Kuna asubuhi nilifunua shuka la mgonjwa ambaye alikuwa hajafumbua macho tangu aletwe, nikakuta dole gumba la kulia lina wino wa zambarau. Wino wa mhuri, umeingia hadi kwenye mikunjo ya ngozi. Usiku ndugu walimgusisha dole kwenye hati ya kumpa kaka mtu uwezo wa kuchukua fedha zake benki na kusimamia shamba. Huenda nia ilikuwa njema, nauli za Mwanza si mchezo. Lakini mtu asiyejitambua hawezi kumpa mtu mwingine mamlaka yake, na hati ya namna hiyo inaweza kumpeleka kaka mtu polisi. Njia iliyo halali ni kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali zake, na ombi hilo linahitaji maelezo ya kitabibu. Hapo wewe unaingia tena. Muuguzi aliandika wino ule kwenye jalada, na saa aliyouona. Nami nilimwita kaka mtu pembeni, nikamweleza kama mdogo wangu, bila kumfokea, nikamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii.

Fidia zina milango tofauti. Aliyegongwa na chombo cha moto anaangaliwa kwanza na bima ile tunayoiita ndogo, ambayo kila chombo barabarani kinatakiwa kuwa nayo kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayeumizwa na chombo hicho. Mwambie ndugu apige picha stika na namba ya usajili mapema. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Watahitaji ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, vyeti vya matibabu na risiti zote, hata ya panadoli. Kampuni ikizungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Dereva wa bodaboda aliyeanguka mwenyewe hana mlango huo, kwa kuwa yeye si mtu wa tatu kwenye bima yake. Mwambie mapema asijipe matumaini ya bure. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3, na inaisha haraka kwa mtu anayesahau.

Aliyeumia akiwa kazini, mathalani yule wa mitumba ya tumbaku, ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulio chini ya sheria ya mwaka 2008. Taarifa ifike ndani ya miezi 12. Humo mna matibabu, fidia ya ulemavu wa muda ya asilimia 70 ya mshahara kwa hadi miezi 24, ulemavu wa kudumu, utengamao (kumsaidia mtu arudie kujimudu), na kitu ambacho familia nyingi hazikijui: malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Mwajiri akisema hachangii mfuko, usimrudishe mtu nyumbani kwa kauli hiyo. Mpeleke kwenye mfuko wenyewe.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini wakiuliza majina ya majeruhi, wakiahidi mamilioni kwa kugawana nusu. Habari za mgonjwa hazitolewi korido. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini yake haruhusiwi kutoza ada. Anayetaka chochote kabla ya kufungua jalada, mwonyesheni geti.

Halafu inakuja miezi ambayo hakuna anayeiona ila mke au mama. Mtu amepona, anatembea, anakula. Lakini anawaka hasira kwa chumvi tu, halali, hasikii harufu ya ugali ukiungua, ameuza baiskeli kwa bei ya kutupa, anatukana mbele ya wakwe. Mama wa watu atakuambia, "Dokta, huyu siye niliyeolewa naye." Msikilize, kisha yaandike kwenye jalada kwa mifano hiyohiyo na tarehe, kwa sababu hayo ndiyo madhara yenyewe. Kovu lililopona halimwonyeshi hakimu wala kampuni ya bima chochote. Mweleze mama kwamba mumewe hafanyi makusudi, kwamba ratiba moja ya kila siku na kelele chache zinasaidia, na kwamba pombe sasa ni sumu kwake.

Degedege inaweza kuanza miezi, hata miaka, baada ya ajali. Akianza dawa asizikatishe kwa kujisikia nafuu. Na bodaboda aiegeshe. Atakubishia kwamba ndiyo inayolisha watoto, na ni kweli, ndiyo maana umwambie mkewe akiwepo na umwelekeze kwa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Tarehe ya kliniki iandike kwenye kadi yake, na chini yake namba ya jalada la polisi, kadi hiyohiyo moja.